Risechi ya mwaka wa tatu: niifanye au nichukue kozi mbili nimalize?

MjukuuWaFundi

Kwema humu wadau. Nimepekua nyuzi za zamani sikupata jibu, naomba niulize mwenyewe.

Nasoma Kiswahili, shahada ya kwanza, semista ijayo naingia mwaka wa tatu. Idarani kwetu risechi si lazima. Ukitaka unaandika tasnifu ndogo chini ya msimamizi, usipotaka unachukua kozi mbili za hiari, uzito ni ule ule. Darasani tuko zaidi ya 120, waliojiandikisha risechi mpaka jana ni 9. Wenzangu wa chumbani wananicheka: "Beba kozi zako mbili, kula A zako mbili, rudi kwenu."

Ninachotaka kufanya ni hiki. Babu yangu ni fundi wa mashua Bagamoyo, ana miaka 76. Nimekulia pale ufukweni, kazi yangu ilikuwa kuokota vibanzi vya mbao vya kuchemshia chai yake. Tezo, keekee, mkuku, taruma, kalafati, mimi nilidhani hayo ni maneno ya kila mtu kama kijiko na sahani. Mwaka wa kwanza mhadhiri akauliza darasani nani anajua kalafati (ile pamba ya kuzibia nafasi kati ya mbao) ni nini. Ikanyooka mikono miwili tu, wangu na wa kijana mmoja wa Kilwa. Babu zamani alikuwa na vijana watano wa kumsaidia. Sasa yuko mmoja, na huyo kanunua bodaboda, anakuja siku ambayo abiria hawapo.

Nataka niyarekodi hayo maneno yakiwa kazini, mtu anapoyatamka huku ameshika mbao. Orodha peke yake sitaki.

Kinachonirudisha nyuma: nauli ya Dar–Bagamoyo kila wiki, na bumu, ule mkopo wa chuo, mnajua linavyokuja. Mhadhiri niliyemwendea anisimamie kaniambia, "Maneno ya vyombo yamo kwenye kamusi, wewe unaleta nini kipya?" Halafu nje ya geti kuna stesheneri mtu anakuuzia risechi iliyokwisha, kuanzia sura ya kwanza mpaka marejeleo, 150,000. Unabadilisha jina la mkoa, unapeleka. Nawajua wawili wameshalipia.

Swali langu: aliyefanya kweli, kwa miguu yake, ilimsaidia nini? Naomba ukweli, yale maneno ya mahafali nimeshayasikia.

ZamuYaUsiku

Chukua kozi.

Nilisoma uchumi. Nilihoji madereva wa bodaboda 84, vijiwe kumi na moja, wengine ilibidi niwanunulie soda ndiyo waongee. Miezi miwili juani. Mwaka uliofuata mtu ananitumia makala ya jarida, nafungua, jedwali ni langu. Mpaka lile kosa langu la kuandika kijiwe kimoja mara mbili limo. Jina langu halipo popote, hata kwenye shukrani. Sitaji chuo wala mtu, yaishe.

Tangu hapo nimeitwa usaili wa kazi mara saba. Hakuna aliyewahi kuniuliza risechi yangu ilihusu nini. Wanauliza unajua Excel, una leseni ya udereva, unaweza kuanza Jumatatu.

Kamba_na_Mambo

Dada mwenye swali, salamu kutoka Unguja. Mie nilisoma mambo ya mazingira, nimemaliza zamani kidogo. Sasa hivi nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, kwa hiyo nachokusimulia hakina uhusiano wowote na kazi yangu, au ndivyo nilivyodhani.

Mada yangu ilikuwa joto la maji kwenye mashamba ya mwani, Jambiani. Kwa wasiojua: kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani yetu ile ya mashariki mwaka 1989, na wengi wanaolima ni wanawake. Unachomeka mambo, yaani vijiti, mchangani, unafunga kamba, kwenye kamba unaning'iniza vipande vya mwani, baada ya kama wiki sita unavuna. Aina ni mbili, spinosum na kotoni. Kotoni ndo yenye bei, na ndo isiyovumilia. Maji yakipata moto inageuka nyeupe, inakatika, unakuja unakuta kamba tupu. Wanawake wanalijua hilo miaka. Mie nikataka kulionesha kwa namba.

Pendekezo langu likasema nitapima joto kila siku saa tatu asubuhi, siku 30, sehemu tatu. Msimamizi akasaini, idara ikapitisha. Sheha akanipokea vizuri, nikapata pa kulala kwa jamaa, nikaanza. Siku ya nne yuko bibi mmoja, kijiji kizima tukimwita Shangazi, anafunga kamba zake huku ananitazama nimesimama na kipimajoto shingoni kama mganga. Akanambia, "Mwanangu, juzi ulipima maji yako wapi?" Kiunoni. "Na leo?" Kifuani. "Na bamvua likirudi, saa hizi hizi yatakuwa kifundoni. Sasa wewe unapima mwani au unapima saa yako ya mkononi?"

Wallahi nilisikia baridi, na maji yenyewe yalikuwa ya moto.

Alikuwa na haki. Maji yanachelewa karibu dakika 50 kila siku. Mie nikipima saa tatu kila siku, leo napima kina hiki, kesho kina kile, halafu naviweka kwenye mstari mmoja wa grafu naviita "joto la shamba". Na lile joto lenyewe linaloua kotoni halipo saa tatu. Kwetu siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupwa kuanzia kama saa nne mpaka saa sita mchana, jua liko utosini, na maji yaliyobaki kwenye vidimbwi ni kiasi cha kuchovya miguu. Hapo ndo pa kupimia, na ndo saa ambayo wanawake wako shambani wameinama. Kila mtu pale alikuwa anajua. Sie watatu tu ndo hatukujua, mie, msimamizi na fomu.

Nikaanza upya, na jedwali la kupwa na kujaa mfukoni. Siku nne za mwanzo nikazitupa. Siku moja kidimbwi cha karibu na ufuko nikapata nyuzi 35, na kule nje kwenye mkondo siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, 31. Nilipomwonesha Shangazi akasema, "Eeh." Basi. Nikamuuliza mbona hamsogei kule nje, akanitazama kama mtoto. Kule nje kunataka ngalawa, na wenzake wengi hawajui kuogelea. Hilo halikuwamo kwenye hojaji yangu hata kwa bahati mbaya, na ndilo lililokuja kuwa sura nzima.

Sasa nije kwenye aibu, maana umeomba ukweli.

Masika yakanikamata. Siku tatu sikwenda. Mvua, gari za njia ya 309 hazipiti kwa wakati, na siku moja, niseme kweli, nilikuwa nimechoka. Nikakaa kitandani nikazijaza zile siku tatu kwa kichwa. 30.0, 30.5, 31.0. Nikaona ndo zinavyopaswa kuwa.

Msimamizi wangu, ambaye saa ya maji hakuijua, namba alizijua. Akapitisha kidole, akasimama palepale. Akasema, "Hizi siku tatu bahari ilikuwa na adabu sana." Kimya. Kisha akachukua kalamu nyekundu akazipiga mstari, akanambia niandike "hakikupimwa" na sababu, na nafasi iachwe wazi. Hakunishitaki. Nilipata B+, na ule mwanya mweupe umo kwenye jedwali mpaka leo, uko ukurasa wa 27.

Miaka miwili baadaye niko kazini, napewa daftari la mafuta ya mashine ya kunyanyulia mizigo nilihamishe kwenye kompyuta. Lita 40, 45, 40, 45, wiki mbili mfululizo. Nikasimama palepale kama alivyosimama yeye. Nikaenda kuangalia daftari la karakana, siku mbili kati ya hizo mashine ilikuwa imefunguliwa injini. Mwenzangu aliyekaa na daftari lile mwaka mzima ana GPA ya juu kuliko yangu. Hakuwa mwizi wala mjinga, ila yeye hajapata kukaa kitandani kwa siri akabuni bahari, kwa hiyo hakujua namba ya kubuni inafananaje.

Hicho ndo nilichopata. Kwenye CV sijui ungekiandika wapi.

Jambo dogo: daftari lako liandike kwa penseli. Wino wangu wa wiki ya kwanza uliondoka na maji yote. Na ile karatasi ya jedwali nilimpelekea Shangazi nakala, kaibandika nyuma ya mlango. Anasema inamfaa wakija wageni wa miradi.

Barafu

😂 "bahari ilikuwa na adabu sana" naiba hii.

Msisahau Mpemba lakini. Mwanafunzi wetu wa chuo aligundua maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi, dunia nzima inaita kwa jina lake. Kamba_na_Mambo nadhani ni ndugu yenu huko Pemba.

Mstaafu_Chaki

Ndugu Barafu, Erasto Mpemba hakuwa wa Pemba, hilo ni jina tu. Wala hakuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Ilikuwa mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu, Magamba, Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu ya maziwa, nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, akaweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipouliza akachekwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne wa fizikia, akamuuliza swali lile lile mbele ya watu. Wenzake wakacheka tena, ila Osborne alirudi Dar akalijaribu. Makala yao ya pamoja ilitoka mwaka 1969, na majina ya wote wawili yamo. Hili la mwisho namwandikia ZamuYaUsiku. Wanafizikia mpaka leo wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli kila mara, lakini wanabishana kwa jina lake.

Sasa nimgeukie binti mwenye mada.

Mjukuu wangu, umeambiwa maneno ya vyombo yamo kwenye kamusi. Ni kweli, mengi yamo. Padri Sacleux, aliyekaa miaka mingi pwani yetu hii, alitoa kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, na humo vyombo vya baharini vimeshughulikiwa kwa kina. Mwaka huohuo ilitoka na ile ya Johnson ya Kiswahili na Kiingereza. Waombe watu wa maktaba wakutafutie zote mbili. Kisha nenda kwa babu na orodha ya 1939 mkononi, umuulize lipi bado analitumia, lipi alilisikia kwa baba yake tu, lipi hajapata kulisikia, na lipi analo yeye na kamusi haina. Mwaka wa leo ondoa 1939, uone ni miaka mingapi imepita tangu orodha ile. Msimamizi akikuuliza unaleta nini kipya, mwekee hiyo hesabu mezani.

Na kuhusu kama kazi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza ina thamani: mwaka 1968 idara ya historia pale Dar es Salaam ilipeleka wanafunzi wake vijijini, wengine kwenye sehemu walikotoka, wakakae na wazee wawaulize habari za Vita vya Maji Maji. Vita vile vilianza Umatumbi mwaka 1905. Fanya hesabu, aliyekuwa kijana wa miaka 15 alikuwa na 78. Wazee walikuwapo bado, wamekaa barazani. Ripoti za wanafunzi wale zilipigwa chapa zikakusanywa pamoja. Mimi nimezisoma zikiwa na madoa ya chai, makosa ya taipu tele, na mahali pengine unaona kabisa mwanafunzi hakumwelewa mzee. Lakini hakuna anayeandika historia ya Maji Maji leo kwa uzito akazipita, maana wale wazee hawapo wa kuulizwa upya.

Wanafunzi wale walikuwa na umri kama wako. Na mtu akikwambia mwaka wa tatu ni mapema mno kwa kazi ya maana, hata upande wa ubunifu, Ngũgĩ alikuwa bado mwanafunzi Makerere tamthilia yake ilipochezwa Kampala Novemba 1962, baada ya uhuru wa Uganda.

Babu ana miaka 76. Sisemi zaidi.

ZamuYaUsiku

Mzee umenipiga kwa heshima. Shikamoo.

Sijabadilika kuhusu kazi na usaili. Ila kwenye jina nimpe dada kitu cha bure, mimi nililipia. Kabla hujampa mtu yeyote faili lako, mwandikie baruapepe: "Kama ulivyosema leo, data ni zangu, na zikitumika popote jina langu litakuwepo." Akijibu "sawa" umemaliza. Ukiongea naye kwa mdomo tu koridoni, imekula kwako. Sauti za babu zikae kwako na kwenye barua pepe yako mwenyewe, hapo chuoni peleka nakala.

Na usidharau kibali. Mimi nilifukuzwa vijiwe viwili kwa sababu sikuwa na karatasi. Barua ya chuo, iende kwa RAS (katibu tawala wa mkoa), ishuke kwa DAS (wa wilaya), mpaka mtendaji wa mtaa. Anza sasa, usingoje semista ifunguliwe.

Hivi kwa nini namsaidia mtu kufanya kitu nilichomwambia asifanye.

MjukuuWaFundi

Asanteni sana. Shikamoo Mzee Mstaafu_Chaki. Dada Kamba_na_Mambo, ile ya penseli nimeielewa baada ya kuumia, endelea kusoma.

Sikusubiri kibali, nilikwenda Jumamosi kama mjukuu tu. Nikaweka simu juu ya gogo, nikabonyeza kurekodi, nikamwambia, "Babu, nitajie majina ya sehemu za mashua." Babu akavua kofia, akaketi sawa, akaanza kuongea kama taarifa ya habari ya redio. "Mashua ni chombo cha baharini." Dakika ishirini na mbili. Sijapata hata neno moja nisilolijua, na mengine alikuwa anatumia maneno ya kwenye vitabu vyangu, sijui kayatoa wapi. Nadhani alikuwa ananisaidia kufaulu.

Nikazima simu nikakata tamaa, nikaenda kumshikia ubao anapigilia. Hapo ndipo yakaanza kumwagika. Kila ninaposhika vibaya anataja kitu. Mengine matusi, hayo sijaandika. Nilikuwa na mkono mmoja tu, kalamu mdomoni, naandika kwenye kiganja, na jasho na yale mafuta ya papa wanayopaka, jioni nimebaki na nusu ya maneno. Mengine ni doa la bluu tu.

Halafu ikatokea kitu ambacho sijui nikifanyeje, ndilo swali langu jipya. Kile kipande cha mbele kabisa kinachokata maji, babu anasema ni hanamu. Rafiki yake, fundi mwenzake, kaja pale na kikombe cha kahawa, kasikia, kasema hapana, hiyo ni gubeti. Babu akasema gubeti ni kitu kingine kabisa na hakipo kwenye mashua kama hii. Mwenzake akamwuliza, wewe uliyejifunzia hapahapa Bagamoyo unanifundisha mimi niliyejifunzia Mafia? Wakaacha kazi. Wamebishana mpaka adhana ya alasiri, wamechora mchangani, wamefuta, wamechora tena. Nilikuwa nimeshazima simu.

Niandike lipi? Nikiandika la babu naona kama ni upendeleo wa damu. Kamusi nitazitafuta Jumatatu, lakini nikikuta kamusi imesema la tatu je?

Kamba_na_Mambo

Yaandike yote mawili, na nani kasema, na kajifunzia wapi. Kamusi ikileta la tatu liandike na hilo. Usimpe ushindi mtu yeyote kwenye daftari.

Na urudi Jumamosi simu iwe imewashwa, mfukoni, na ruhusa uwe umewaomba wote wawili mapema. Kisha usiulize kitu. Taja gubeti tu, ukae.

MjukuuWaFundi

😂😂 Nimeshika. Nimejiandikisha leo asubuhi, wa kumi. Karani kaniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Mwenye kujua wanapouza daftari lisiloingia maji kwa bei ya mwanafunzi, Kariakoo au popote, anielekeze mtaa.